Meno ya Mtoto Aliye Tumboni: Maswali ya Wasomaji

*Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe ananihimiza nitafune odowa, akisema sasa ndipo meno ya mtoto yanaanza kuumbika na yanataka chokaa. Je, ni kweli?*
Mama Mtarajiwa, Kayole

Mwambie mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba meno yameshamtangulia. Wiki ya 6 tangu mimba kutungwa, utando laini wa kinywa cha mtoto hunenepa ukawa ukanda unaofuata mkunjo wa taya. (Kliniki huhesabu kuanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo ongeza wiki 2 kwa kila hesabu ya mimba utakayosoma hapa.) Kwenye ukanda huo huota vichipukizi 10 juu na 10 chini. Kufikia wiki ya 8 kichipukizi ni kama tumba la ua. Wiki ya 9 au 10 kimebonyea kwa ndani mfano wa kofia. Wiki ya 11 au 12 kimekuwa kengele, na hapo ndipo umbo hujulikana, hili jino la mbele, lile gego.

Ugumu huja baadaye, karibu na wiki ya 14, kuanzia meno mawili ya mbele ya katikati. Usidhani yanafuatana kwa foleni: gego la kwanza hulitangulia chonge, na gego la pili ndilo la mwisho, karibu na wiki ya 19. Ndani ya ile kengele mna safu mbili za seli zilizopakana. Safu ya ndani huanza kwa kuweka dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino. Safu ya nje husubiri dentini ionekane ndipo iweke enameli, gamba gumu la nje, juu yake. Kisha kila safu hurudi kinyumenyume, kazi yake ikibaki katikati. Enameli huongezeka mikromita 3 hadi 4 tu kwa siku, na milimita moja ina mikromita 1,000. Jino linapotoboa ufizi, seli zilizoijenga enameli hazipo tena. Ndiyo maana kasoro iliyoingia tumboni haizibiki baadaye, hata mtoto anyweshwe maziwa debe zima.

Sasa odowa. Udongo huo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na damu ya mjamzito haina chuma cha kupoteza. Unaweza pia kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Kalsiamu, ile chokaa anayoisema mama mkwe, itafute jikoni. Unahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu 300. Ongeza omena wanaoliwa na mifupa yao, na sukuma wiki. Mtoto atachukua jumla ya gramu 30 hivi hadi azaliwe, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo bado hujachelewa.

Kinachostahili hofu zaidi ni dawa. Tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, hushikana na kalsiamu ndani ya jino linaloumbwa na kuliacha na rangi ya manjano, ambayo mwanga huigeuza kahawia. Hatari hiyo huanza mwezi wa 4 wa mimba na kuendelea hadi mtoto afike miaka 8. Ukiingia kemisti, taja mimba yako kabla hujataja ugonjwa.

*Wanasema kila mtoto humng'oa mama jino moja. Nina watoto wawili na mapengo mawili!*
Mama Wawili, Githurai

Hesabu yako imelingana, dada, lakini mwizi si mtoto. Kalsiamu ikipungua kwenye chakula, mwili huichukua kwenye mifupa. Jino halina njia ya kuirudisha kwenye damu. Yanayoharibu meno ya mjamzito ni fizi zinazovimba kwa sababu ya homoni, utamu wa kila saa, na asidi ya matapishi. Ukitapika, usikimbilie mswaki, kwa sababu enameli imelainika na utaikwangua. Sukutua kwa glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, kisha ngoja angalau nusu saa. Magadi ya kulainishia maharagwe si mbadala wake: yana floridi nyingi.

*Mwanangu ana miezi 5, anaharisha, na ufizi una uvimbe mweupe pale penye chonge. Jirani anasema ni meno ya plastiki, anamjua mtu wa kuyatoa. Nifanye nini?*
Mwenye Wasiwasi, Kawangware

Usimpeleke, tafadhali. Hicho cheupe ni chonge halisi, kile kile kilichoanza kuumbwa mwanao akiwa tumboni. Chonge hutoka kati ya miezi 16 na 23, hivyo kwenye miezi 5 taji lake bado linajengwa chini ya ufizi. Likichokolewa hutoka laini na jeupe, na wanaochokoa hulionyesha kama ushahidi, ilhali ni jino changa tu.

Anayechokoa kwa msumari au spoku ya baiskeli hufungua mlango wa damu kuvuja, usaha, pepopunda na hata virusi vya Ukimwi. Tena, chini ya chonge hicho kimelala kichipukizi cha chonge cha kudumu. Kikiguswa, mtoto aweza kuja kuota chonge kilichopinda, chenye madoa, au asikiote kabisa.

Kuharisha kuna tiba yake mbali na meno. Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya ORS yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti (kuna ya nusu lita na ya lita moja, angalia uliyo nayo), na zinki miligramu 10 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Akishatimiza miezi 6 kipimo huwa 20. Macho yakididimia, akikataa titi, akilegea au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.