Muulize Fundi: Kampuni gani ya mitandao ina madhara kuliko zote?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi msomaji wako niko Makorora hapa hapa Tanga, jioni tunakaa barazani tunakunywa kahawa na juzi nusura watu washikane mashati. Mjomba anasema kampuni mbaya kuliko zote ni hii yenye Facebook, mdogo wangu anamwambia mjomba umepitwa, siku hizi wanaomaliza watoto ni TikTok, na jirani yetu ambaye mkeka umemchanikia wiki tatu mfululizo anasema ni hizi za kubeti na hataki kusikia lingine. Tukakubaliana uamue we, ukisema tu tunafunga mjadala.

JIBU: Marahaba. Mjadala siufungi, nani anafunga mjadala wa baraza Tanga hii, ila nawapa kipimo changu.

Jirani mpeni pole yake. Lakini ile hela kaitoa mwenyewe mfukoni, najua kuacha kubeti sio kama kuvua kandambili ila mlango wa kutokea upo. TikTok hivyo hivyo, mimi mwenyewe naifungua nikisubiri simu ya mteja ijae chaji, nikija kushtuka saa nzima imeenda na bando limekata, sasa nimlaumu nani wakati kidole ni changu? (Mtoto wa miaka kumi ni habari nyingine, hapo namuunga mkono mdogo wako.)

Mimi naangalia yule aliyeumia, je alibonyeza "kubali"? Kampuni inayomuumiza mteja wake ni mbaya, sawa, lakini inayomuumiza mtu asiyekuwa mteja wake, pengine hata simu ya tachi hana, hiyo ndo naiweka juu kabisa. Kipimo hiki sikukitoa kitabuni. Alikuja mama mmoja kibandani kwangu Ngamiani, anauza vitumbua, ana kiswaswadu chake kile cha tochi, ananiambia mwanangu nizimie hizi meseji zinanitukana. Kusoma nakuta zinasema fulani mwizi kakimbia na mkopo na wewe ndo mdhamini wake, mwambie alipe. Mama hajakopa popote na hiyo apu ya mikopo hata ungetaka haiingii kwenye kiswaswadu! Kumbe aliyekopa ni binti aliyewahi kupanga kwake, alichukua elfu arobaini, apu ikamuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, akakubali haraka haraka maana ana shida, ikabeba majina yote, mama wa vitumbua akiwemo.

Ukishaona hivyo kwa mama, habari za huko mbali unazielewa upesi. Ile kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa ya Uingereza, iliyolipuka 2018, watu waliojaza yale maswali kwenye Facebook walikuwa kama laki mbili na sabini tu, lakini taarifa zilizochukuliwa zinaweza kufika za watu milioni 87, kwa sababu ukijaza wewe walikuwa wanachota na za marafiki zako. Ni kontakti za yule binti zile zile, ila kwa ukubwa wa dunia. Serikali ya Marekani ikawapiga Facebook faini ya dola bilioni 5 mwaka 2019 na biashara ikaendelea.

Na hiyo bado sio kubwa kwangu. Kubwa ni Myanmar. Kule kwa watu wengi intaneti ilikuwa ndo Facebook yenyewe, maneno ya chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu wachache wa kule, yakasambazwa miaka, watu wakaionya kampuni, na waliokuwa wanachuja maneno hayo wakijua Kiburma ni wachache mno. 2017 jeshi likaingia vijijini mwao, watu zaidi ya laki saba wakakimbilia Bangladesh. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikakiri haikufanya vya kutosha. Sasa bibi wa Kirohingya aliyechomewa nyumba, yeye alikubali masharti gani? Ndo maana kwangu mjomba anashinda, ingawa asitambe sana maana nahisi alikuwa anamaanisha picha za harusi ya watu.

Wa pili nawaweka NSO, kampuni ya Israel yenye kile kidudu cha kupeleleza simu, Pegasus. Hawa hata kubonyeza hubonyezi, mwaka 2019 simu ilikuwa inapigwa WhatsApp, usipopokea nayo kidudu kinaingia hivyo hivyo. Mwaka huo huo WhatsApp waliwashtaki kwa kuingilia simu za watu kama 1,400, na 2024 jaji akasema NSO wanawajibika. Kichekesho ni kwamba WhatsApp ni ya kampuni ile ile ya mjomba, yani nambari moja kampeleka nambari mbili mahakamani.

SWALI: Fundi habari, niko Muheza. Nimekopa kwenye apu nikarudisha yote lakini bado wanawatumia ndugu zangu meseji, hadi mama mkwe kapata. Nikiifuta apu si inatosha?

JIBU: Haitoshi, dada au kaka, majina yako yalishaondoka siku ile ile uliyokubali. Ila kabla ya kuifuta piga skrinshoti za malipo yako, halafu ndugu zako nao wasifute meseji hata kama zinatia aibu, ndo ushahidi. Benki Kuu Novemba 2024 ilitangaza apu na mitandao ya mikopo 69 isiyo na kibali, angalia kama yako imo. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, na sikiliza hapa, anayelalamika si lazima uwe wewe uliyekopa, mama mkwe namba yake ilichukuliwa bila yeye kuulizwa kwa hiyo ana lalamiko lake mwenyewe, tena safi kuliko lako. Mwombe radhi kwanza ndo umwambie hilo.

Yule mama wa vitumbua nilimwandikia malalamiko yake pale pale kibandani, akaweka dole gumba. Meseji zimepungua, jana imeingia moja tu.