Nairobi mpaka New York: mbona kwenda masaa 8 na kurudi 21?

Ndugu uliyeuliza mbona tiketi ya mama yaonyesha anaondoka Nairobi saa 6 usiku anafika New York saa 2 asubuhi, halafu kurudi inachukua karibu siku nzima, tiketi haina kosa. Kila mji umeandikiwa saa yake. Sisi tuko mbele yao masaa 7, na wakati wa baridi ya kwao 8, manake wao hubadilisha saa mwezi wa Machi na Novemba sisi hatubadilishi. Hapo hewani mama atakaa kama masaa 15 kwenda, kurudi kama 14. Kwenda ukitoa yale 7 kwenye 15 ndio ukaona 8, kurudi ukijumlisha yale 7 na 14 ndio ukaona 21.

Hio saa moja ya tofauti kati ya 15 na 14 ni upepo. Kule juu ya Atlantiki ya kaskazini wavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenda ndege yapambana nao, kurudi waisukuma. Umbali ni ule ule, Nairobi mpaka New York ni kama kilomita 11,800, hio ndio ndege ya moja kwa moja walioanza Kenya Airways Oktoba 2018.

Lakini mimi hii njia nimeipita, naenda kwa dada yangu, na nakwambia hayo masaa 15 usiyafanye ndio safari yenyewe, anza kuhesabu mlangoni kwenu. Kama mwakaa Likoni kuna feri, kuna jam ya Changamwe, mpaka eapoti ya Moi mapema, ndege ya Nairobi kama saa moja, halafu kule akae asubiri. Treni ya SGR nayo ni masaa 5 mpaka 6 na steshini yake ya Syokimau si mbali na JKIA, eapoti ya Nairobi, ila apande ile ya asubuhi, ya alasiri itamkimbiza na mtu mzima hakimbizwi.

Na tafadhali mkate tiketi moja kutoka Mombasa mpaka New York. Nilimkuta mama mmoja Nairobi analia, alikuwa na tiketi mbili mbali mbali, ndege yake ya kwanza ikachelewa, ya pili ikamuacha na wale wa pili wakasema hawahusiki. Iliniuma sana, mtu mzima na mabegi yake usiku ule hajui aende wapi. Ikiwa ni tiketi moja wenye ndege wenyewe ndio wanatafuta namna ya kukufikisha.

Jambo jingine angalieni tarehe, ikiandikwa 00:20 Jumamosi ina maana Ijumaa usiku awe ashafika eapoti, watu wengi wameachwa hapo. Ndani ya ndege ainuke atembee kila baada ya muda, miguu yafura, na maji anywe.

Mwambie nduguyo wa huko New York atakayempokea asiwe na wasiwasi ndege ikitua saa 2 na mama haonekani, foleni ya uhamiaji pale JFK, eapoti ya New York, na kungoja mabegi yaweza kula saa nzima au zaidi. Mama awe na karatasi mkononi yenye adresi na namba ya simu ya huko, wataiuliza.