Madarasa mapya: anzeni na jua na sauti, projekta itafuata

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Dodoma. Kamati ya shule na wazazi tunajiandaa kujenga madarasa matatu. Ya zamani yana joto kali mchana, na mvua ikinyesha tunasitisha vipindi kwa kelele za bati. Fundi ametuletea ramani: jengo linatazama barabara, upande wa magharibi, lina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma na halina dari. Kuna mfadhili ameahidi projekta. Tufanyeje ili madarasa yafae ufundishaji wa sasa, watoto wakae kwa vikundi, na gharama zisipande?

JIBU: Mwalimu, naomba msichimbe msingi kabla jengo halijageuzwa. Likitazama magharibi, ukuta wake mrefu utapigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka jioni. Kadiri jioni inavyokaribia jua linashuka, linapenya chini ya paa hata lichomozwe vipi. Kuta ndefu ziwe kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi, tena bila madirisha. Kufanya hivyo kwenye karatasi ni bure. Wazazi wakiuliza mbona shule imeipa barabara ubavu, waelezeni sababu. Jengo hili litatumika miaka hamsini.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, juu kiasi cha nyuzi 60. Paa likichomoza mita 1 nje ya ukuta huo, kivuli kinashuka mita 1.7 hivi, kinafunika sehemu kubwa ya dirisha. Mwezi wa kumi na mbili jua limehamia kusini na liko juu zaidi, kwa hiyo upande huo mita 1 inatosha kabisa. Ila kaskazini ningependa muweke varanda ya mita 2.5, na sababu nitaieleza hapo chini.

Kuhusu madirisha, ya kusukuma yana kasoro moja kubwa: hata ukiyafungua yote, nusu ya tundu inabaki imezibwa na kioo. Mmelipia dirisha zima, mnapata hewa ya nusu. Ya bawaba yanayofunguka nje, au ya luva, yanaachia karibu tundu lote. Yawekeni pande zote mbili, yatazamane, maana upepo wa Dodoma mara nyingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na hauingii darasani kama hauna pa kutokea. Kingo ya chini iwe sentimita 90 kutoka sakafuni, upepo umfikie mtoto aliyekaa. Kingo ya juu ifike mita 2.4, kwa sababu mwanga wa dirisha hufika ndani mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo hicho. Darasa la upana wa mita 7 likipata mwanga pande zote mbili, aliye katikati anasoma bila taa. Ubao uwe kwenye ukuta mfupi, na madirisha mawili yaliyo karibu nao yawe na pazia zito. Hiyo inatosha kwa projekta.

Sasa paa, na hapa ndipo ninapowasihi msibane fedha. Bati bila dari linawapa mambo mawili mnayoyalalamikia, joto na kelele. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ilijengwa na wanakijiji kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Msanifu wake, Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, aliinua bati mbali na dari ya tofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Joto la bati linachukuliwa na upepo kabla halijashuka kwa watoto. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Ninyi hamhitaji kuiga umbo la paa lake, igeni ile nafasi kati ya bati na dari. Wekeni dari chini ya kenchi, acheni matundu kwenye mtambaapanya, pale paa linapokalia ukuta, na kwenye ncha mbili za paa, yote yafungwe wavu mdogo. Bila wavu popo watahamia humo, na harufu yao mnaijua. Bati liwe jeupe au la rangi hafifu. Bati la msauzi la rangi nyekundu iliyoiva linapendeza barabarani lakini linanyonya joto.

Dari ya aina gani? Ramani nyingi ninazoletewa hazigusi suala hili, na kwa watoto wa vikundi ni kubwa kuliko projekta. Katika chumba cha mita 9 kwa 7 chenye sakafu ya saruji, kuta za plasta na jipsamu ya kawaida juu, sauti inachukua zaidi ya sekunde moja kufifia. Viwango vya madarasa vya Marekani vinataka isizidi sekunde 0.6. Vikundi tisa vikizungumza pamoja humo, kila kimoja kinapaza sauti kukishinda kingine, na mtoto wa nyuma anakosa nusu ya maneno. Tumieni ubao laini wa nyuzi za mbao, ule ambao pini inazama kwa kidole, kwenye dari na kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta huo huo mtabandika kazi za wanafunzi.

Nafasi nayo ihesabiwe. Watoto 45 katika mita za mraba 63 wanapata 1.4 kila mmoja, na madawati mazito ya watu watatu hayageuziki. Agizeni meza nyepesi za watu wawili. Varanda niliyoitaja, ikiwa na viti vya saruji vilivyojengewa ukutani, itapokea vikundi viwili vitatu kila kipindi huku mwalimu akiviona dirishani. Kwa bei, ni mita za mraba zilizo rahisi kuliko zote.

Mabomba ya nyaya yapite ukutani kabla ya plasta, hata kama umeme haujafika, na mteremko mmoja wa paa uelekee kaskazini kwa ajili ya sola. Milango miwili kwa kila darasa, ifunguke nje. Sakafu ikiwa juu sentimita 45, njia mteremko ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa mita 5.4.

Fedha zikipungua, jengeni madarasa mawili yaliyokamilika paa na dari, la tatu lisubiri. Mpelekeeni mhandisi wa halmashauri ramani iliyorekebishwa, yenye mshale wa kaskazini, kabla fundi hajapiga kamba.