Shida sio kura za uwiano, ni masharti yake

Ndugu unayesema watu wa Nyuzilandi wamechoka na kura za uwiano, yaani vyama kugawiwa viti vya bunge kulingana na asilimia ya kura zao, hapana bana, 2011 waliulizwa kwenye kura ya maoni na karibu asilimia 58 wakataka mfumo ubaki. Kinachokera ni lile sharti la chama kupata asilimia 5 au kushinda jimbo moja ndo kigawiwe viti, cheki 2008, chama cha New Zealand First walipata asilimia 4.07 wakatoka kapa, chama cha ACT na 3.65 yao wakaondoka na viti 5 kisa tu walibeba jimbo la Epsom, we hiyo haki kweli? Tume ya uchaguzi 2012 ikashauri ile asilimia 5 ishushwe hadi 4 na upenyo wa kushinda jimbo moja ufutwe, wanasiasa wakaikalia. Mi ningeanza na huo upenyo.