Jibu: Ndoo ya mboji inanuka na imejaa inzi

Habari ndugu. Umesema umeanza kutenga mabaki ya jikoni yaoze upate mboji, yaani mbolea ya asili, lakini ndoo inanuka kama yai viza na wenzako nyumbani wanataka itupwe. Usiitupe bado. Kwanza chota konzi moja uikamue: ikichuruzika maji, imelowa mno na hewa haipiti, ndiyo maana inavunda. Mimi huchanganya majani makavu au boksi lililochanwachanwa, kama mara mbili ya maganda, kisha nageuza mpaka chini kabisa. Siku chache tu harufu inakata. Inzi nao? Kila ukitia mabaki mapya, yafunike kwa majani makavu. Nyama na mafuta usitie hata kidogo. Halafu angalia kitako cha ndoo, kama hakina matundu kitoboe.