Riwaya ya mzee anayeanza upya

Ndugu yangu, umeuliza kama ipo riwaya ambayo mzee hakai barazani akisimulia ujana wake tu, bali maisha yake yenyewe yanageuka uzeeni. Isome By the Sea ya mwaka 2001, ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Saleh Omar, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani, anaomba hifadhi Uingereza akiwa na miaka 65, kwa jina lisilo lake, na ofisa wa uwanja wa ndege anamnyang'anya hata kisanduku chake cha udi. Kwa maoni yangu, mageuzi makubwa hayatokani na safari hiyo, bali na mazungumzo yake marefu na Latif Mahmud, mtoto wa mtu ambaye Saleh alitumia jina lake, wanapoufukua uhasama wa zamani wa nyumba na mali.