Hunywi pombe na umealikwa mezani na Freemason London? Nenda tu

Ndugu, umeuliza kama kukataa mvinyo kwenye chakula cha loji (tawi la chama cha udugu cha Freemason) London ni kuwadharau wenyeji. Hapana kabisa. Kikao chenyewe hakina pombe. Huja baadaye, mezani, na hapo glasi huinuliwa mara nyingi, kuanzia kwa Mfalme hadi kuwaombea heri ndugu wa chama walio katika dhiki popote duniani. Maji au juisi yanatosha.

Mwambie aliyekualika siku unapothibitisha kuja, usije ukatozwa pesa ya mvinyo. Mezani jaza juisi mwenyewe mapema, kwa sababu glasi tupu ndiyo hujazwa bila kuulizwa. Kile kiglasi kifupi chenye kitako kinene ni cha kugonga meza kwa pamoja: tia maji funda moja, limalize, ndipo ugonge, la sivyo utailowesha shati ya jirani.

Akikushurutisha mtu, mweleze Mwangalizi Mdogo (Junior Warden), mmoja wa viongozi wa loji. Kuzuia burudani isigeuke ulevi ni wajibu wake tangu zamani. Marekani, Loji Kuu nyingi (vyombo vinavyosimamia loji) zilipiga marufuku pombe majengoni mwao kwa miaka mingi.